Mateka wa Ubao wa Shangazi

Watu wengine ukifika hukutazama usoni. Shangazi yangu hutazama magurudumu ya gari ulilokuja nalo, na akishapata habari zake ndipo anakuuliza zako. Ukija kwa miguu anatazama viatu. Nimemsikia akimwambia mchumba wa binti wa jirani kwamba soli yake ya kushoto imeliwa upande wa ndani, na kwamba mtu anayekanyaga hivyo aangaliwe mgongo kabla hajaoa. Kijana aliondoka amefura, akarudi baada ya mwezi na shukrani. Bado anachechemea kidogo, lakini ameoa.

Shangazi ni fundi wa magurudumu. Ukimwuliza habari za gia atakuelekeza kwa mwenzake, kama umemwuliza njia ya msalani. Kazi yake inaanzia kwenye rimu na kuishia kwenye habu, ile sahani ya chuma inayobeba gurudumu na kuzunguka nalo. Katika eneo hilo dogo hana mpinzani, anajua kwamba hana, na hajisumbui kuficha kwamba anajua.

Gereji iko nyuma ya safu ya maduka, unaingia kwa uchochoro ambao lori haliwezi kupita na dereva wa lori huwa haamini mpaka ajaribu. Sehemu ya Shangazi ni ya mwisho, karibu na bomba la maji. Ukutani kumetundikwa mlango wa kabati la zamani uliopigwa misumari thelathini kwa safu tatu, na kwenye misumari vinaning'inia vifuniko vya katikati ya rimu, vile vidogo vya duara vyenye nembo ya gari, kila kimoja na kijikaratasi cha namba. Mgeni hudhani ni pambo, au ni mali ya wizi iliyokosa aibu. Ni mateka.

Utaratibu wenyewe ni huu. Shangazi akishakufungia gurudumu anakuambia utembee kilomita hamsini kisha urudi azikague nati, kwa sababu chuma kikitembea hujikalia upya, na nati iliyokaza jana huenda leo imelegea. Kila fundi husema hivyo. Kila mteja huitikia "sawa" na harudi ng'o. Basi Shangazi hubaki na kifuniko kimoja. Unaondoka na magurudumu matatu yamevaa na la nne liko uchi, na kila ukiegesha gari mbele ya watu unaliona linakutazama kwa jicho lililotobolewa.

"Mtu harudi kwa ajili ya uhai wake," huwa anasema. "Kwa ajili ya kifuniko atarudi mbio."

Hakuzaliwa na ubao huo. Alianza pale akiwa mshonaji wa viti vya magari, miaka tisa ya sponji na ngozi bandia, mpaka vidole vyake vikajua kilichokaza na kilicholegea bila kuyauliza macho. Fundi wa magurudumu wa enzi hizo alipohama, Bosi Mzee akamwambia Shangazi ajaribu. Wanaume wa gereji walicheka wiki nzima. Wiki ya pili wakaanza kumletea magari ya wake zao. Wiki ya tatu, ya kwao.

Mwaka wake wa pili, mwalimu wa watoto wadogo alifungiwa gurudumu, akaambiwa arudi, akasema sawa. Siku ya nne gurudumu liliondoka peke yake, likampita mwenye gari, likavuka barabara, likaingia kwa kinyozi na kusimama mbele ya kioo kama linangoja zamu. Watu hucheka nikifika hapo, nami huwaacha wacheke. Mwalimu alivunjika mkono, ule wa kuandikia. Shangazi alikwenda kumlisha hospitalini siku kumi na moja, kijiko kwa kijiko. Siku ya kumi na mbili akapiga msumari wa kwanza.

Mumewe ni fundi saa. Wanaishi vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, pamoja na mimi na kabati lililobaki bila mlango mmoja. Yeye Shangazi anakaza vitu vinavyoweza kuua, mumewe anafungua vitu visivyoonekana kwa macho, na wakikutana mezani hawana ugomvi wowote isipokuwa chupa ya asali. Mfuniko wake ukifungwa na Shangazi, nyumba nzima tunangoja atoke kazini ndipo tule asali.

Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilisoma diploma ya ufundi mitambo mwaka mmoja na nusu kati ya mitatu, kisha chuo na mimi tukachokana, nami nikawa wa mwisho kuambiwa. Gereji nzima inaniita Nusu. Siku niliyoanza kazi, Shangazi alichukua kitambulisho changu cha chuo akakitundika kwenye msumari wa thelathini. Nilipomwuliza kinafanya nini pale, alisema kinafanya kama wenzake.

Sasa nije kwenye wiki ambayo ubao ulitaka kung'olewa.

Bosi wa sasa ni mtoto wa Bosi Mzee. Ofisi yake iko juu ya ngazi ya chuma. Alirithi gereji pamoja na Shangazi, na kati ya hivyo viwili kimoja hakukiomba. Bosi anaishi kwa nyota, zile ambazo wateja huwapa watu kwenye simu. Mteja mmoja alimpa nyota moja na kuandika maneno matatu: "Wameninyang'anya kifuniko changu." Bosi aliyasoma yale usiku na mchana kama barua ya talaka. Akamwita Shangazi na kumwambia wazi kwamba likija lalamiko jingine moja la kifuniko, ubao unashuka ukutani, yeye anahamia kaunta ya stoo kuuza balbu na wipa, na magurudumu anapewa Mbio. Mbio ni fundi mwenzetu. Anafunga gurudumu kwa bunduki ya upepo kwa sekunde ishirini, na hajawahi kuonana na mteja yuleyule mara mbili kwa jambo la heri.

Shangazi alisema amesikia. Kwa Shangazi, kusikia na kutii ni ndugu wa mbali, hukutana kwenye misiba tu.

Wiki hiyohiyo akaja daktari wa meno.

Alikuja Jumatatu na gari la spoti la milango miwili, rangi ya kiini cha yai, limeinama mbele kama linanusa barabara. Alitaka kuoshewa rimu tu. Nyuma alikuwa ameweka spesa, yaani sahani za alumini zinazokaa kati ya habu na rimu ili gurudumu litokeze nje na gari lionekane limetanua mabega. Zake zilikuwa na unene wa milimita kumi na tano. Alizifunga mwenyewe, uani kwake, siku ya mapumziko, na alizieleza kama mtu anayeeleza pacha wake walivyozaliwa.

Shangazi akazunguka nyuma ya gari, akainama, akaomba jeki. Gurudumu liliponyanyuka akalegeza nati moja kwa spana, kisha akaweka spana chini, akafumba macho na kuifungua kwa vidole, akihesabu mizunguko. Moja. Mbili. Tatu. Nusu mzunguko tena, nati ikamdondokea kiganjani.

"Bolti ni zilezile za kiwandani?" akauliza.

Daktari akasema ndiyo, bolti hazikuwa na tatizo lolote.

"Hazina tatizo, ni fupi tu. Spesa yako imekula milimita kumi na tano za bolti." Akamwekea ile nati mkononi. "Hii ilitakiwa izunguke mara nane, ikipungua sana. Yako imezunguka tatu na nusu. Daktari, gurudumu lako limeshikiliwa kwa kucha."

Daktari akacheka, cheko la mtu anayelipwa kuwatuliza watu. Akasema ametembea nalo wiki mbili, tena kwa kasi, na hakuna kilichotokea. Shangazi akamjibu kwamba hata jino bovu hutafuna wiki mbili. Hapo cheko likakatika, maana alikuwa amechapwa kwa fimbo ya nyumbani kwake.

Ikajulikana kwamba Jumapili kulikuwa na mashindano ya magari kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na kwamba binti yake angekaa kiti cha pembeni kumsomea kona. Shangazi akauliza binti ana miaka mingapi. Kumi na tisa. Akaendelea kufungua nati moja baada ya nyingine, zote kumi za nyuma, akazitia mfuko wa ovaroli na kufunga zipu. Daktari akamwambia hana haki ya kulizuia gari lake. Shangazi akasema hajalizuia, ufunguo anao mwenyewe, aondoke tu akitaka.

Zilibaki njia mbili tu. Ama spesa zitoke, ama bolti ndefu ziingie. Daktari alichagua bolti, kwa sababu mabega ukishayazoea huwezi kuyaacha.

Bolti ziliwasili Jumatano, kumi na moja, ndefu kuliko za zamani kwa sentimita moja. Za kufunga ni kumi, lakini Shangazi huagiza moja zaidi, ya maneno yakizuka. Akaniita, akaanza upande wa kulia mimi nikitazama.

Kazi yenyewe si ya nguvu, ni ya adabu. Kwanza kalipa, lile koleo linalobana diski ya breki, inafunguliwa na kufungwa pembeni kwa waya. Haiachwi ining'inie kwa mpira wake, hiyo ni sawa na kumbeba mtu kwa koo. Kisha diski ya breki inatoka, habu inabaki uchi na bolti zake tano. Bolti ya zamani inagongwa kwa nyundo irudi nyuma, ianguke. Mpya inaingia kutoka nyuma kuja mbele. Shingoni ina meno madogo ambayo yanatakiwa kuuma tundu la habu, kwa hiyo haiingii kwa kuombwa. Unaweka washa kadhaa, zile pete bapa za chuma, zenye grisi, unaweka nati, unaivuta kwa spana ya mkono, taratibu, mpaka kichwa cha bolti kiketi kabisa mgongoni mwa habu.

Utajuaje kama kimeketi? Hapo ndipo Shangazi alipo yeye peke yake. Anachana ukanda wa karatasi kutoka kalenda ya mwaka uliopita na kuupenyeza chini ya kichwa cha bolti. Karatasi ikiingia, bolti haijafika, hata kama mkono wako unaapa imefika. Karatasi ikikataa, imefika.

Nilimwuliza kwa nini tusivute kwa bunduki ya upepo kama Mbio. Alisema bunduki ina mdomo lakini haina masikio. Washa zikikauka zinaing'ang'ania nati, bunduki inasimama, fundi anadhani bolti imefika, kumbe imechoka njiani. Nilimwelewa vizuri sana. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilielewa.

Alipomaliza upande wa kulia akaniachia wa kushoto, akisimama nyuma yangu. Nilivuta nne kwa mkono, nikapitisha karatasi, ikakataa zote nne. Kabla ya ya tano, Bosi akamwita Shangazi juu. Alikuwa amesikia habari ya nati zilizofungiwa mfukoni Jumatatu, na kupitia mlango wa kioo wa ofisi nilimwona akizungusha simu mezani, labda kumwonyesha nyota. Shangazi alisimama mikono nyuma, kama mwanafunzi. Iliniudhi. Nikataka akishuka akute kazi imekwisha, angalau kitu kimoja siku hiyo kimnyookee. Mabega yalikuwa yananiwaka, na bunduki ya Mbio ilikuwa imelala pale pale, mpira wake umejaa upepo.

Sekunde nne. Ikasimama kwa kishindo, nati imekaza kama imechomelewa. Nikarudisha diski, nikarudisha kalipa.

Shangazi alishuka uso umekunjamana. Akauliza, "Karatasi imekataa?"

"Imekataa zote tano," nikasema.

Sijawahi kusema uongo mwepesi kama ule. Uliteleza wenyewe, haukuhitaji hata grisi.

Tukasugua kutu kwenye uso wa diski ili spesa ikae sawa, tukaweka spesa, tukaweka magurudumu. Nati zinaanzwa kwa vidole, na lazima uhesabu. Shangazi upande wa kulia, mimi kushoto. Nilihesabu kumi, kumi, kumi, kumi, tisa. Nikajiambia nimekosea. Hesabu ndizo zilizonitoa chuoni, kwa hiyo si ajabu zikinifuata gereji. Shangazi akauliza kutoka upande wake ngapi, nikamjibu kumi kumi. Gari likashushwa, yeye mwenyewe akapita na spana ya kipimo, ile inayosema "tak" nguvu ikitimia, akikaza kwa kurukaruka kutoka nati moja hadi ya mkabala wake. Zote kumi zikasema tak.

Daktari alipokuja jioni aliona mabega ya gari lake, akafurahi, kisha akaona gurudumu la nyuma kushoto halina kifuniko. Yaliyofuata nayafupisha, maana mengine hayaandikiki. Alisema huo ni wizi wa mchana. Shangazi akasema wezi hawatoi miadi, yeye ametoa, Jumamosi, baada ya kilomita hamsini. Daktari akasema Jumamosi ana wagonjwa na Jumapili ana mashindano. Shangazi akamwambia basi akimbie na vifuniko vitatu, gari halitajua. Daktari akaondoka kwa kishindo, matairi yakiacha alama mbili sakafuni ambazo bado zipo, na kabla hajafika mwisho wa uchochoro alikuwa ameshampigia Bosi.

Bosi alimwomba radhi kwa sauti tuliyoisikia hadi chini. Akamwahidi kwamba akija Jumamosi asubuhi kabla ya wagonjwa, atakabidhiwa kifuniko chake, ataombwa radhi mbele ya mafundi, na ubao ule utang'olewa akiona kwa macho yake. Kisha akashuka ngazi na kumwambia Shangazi ajiandae Jumatatu kuripoti stoo.

Shangazi akamwuliza swali moja tu, kama daktari amekubali kuja. Bosi akasema amekubali. "Vizuri," Shangazi akasema, akaenda kunawa mikono.

Ijumaa jioni, nyumbani, mumewe aliinua jicho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifumua juu ya gazeti, akamwuliza kama atauweza huo uuzaji wa balbu. Shangazi alikuwa anafunga chupa ya asali. Alisema balbu hazina ugumu, anachosikitikia ni Mbio, maana atalazimika kujifunza kuhesabu ukubwani.

"Na huyo daktari?" mumewe akauliza.

"Atakuja. Kwa heri au kwa hasira, kwangu ni mamoja. Mradi gari lipite mbele yangu mara ya pili."

Hapo nikaikumbuka ile tisa yangu. Nikajibembeleza kwamba spana ya kipimo ilishasema tak, na spana haina sababu ya kunidanganya, mimi si mwalimu wake. Nikifungua mdomo sasa, nikawaza, nitakuwa nimempa Bosi sababu ya pili wakati ya kwanza inamtosha. Hivyo ndivyo mwoga anavyojiita mwenye busara. Nikakata kipande kingine cha mkate na kukila kikavu, maana asali ilishafungwa.

Jumamosi saa mbili na nusu daktari aliingia. Shati jeupe, binti yake kando, msichana mrefu mwenye kijitabu cha kona mkononi. Bosi alishuka na nyundo ya mdomo wa kung'olea misumari. Alikuwa ameinunua jana yake, stika bado iko kwenye mpini. Mafundi tukasimama. Bosi akaomba radhi kwa niaba ya gereji, akachukua kifuniko msumarini, akamkabidhi daktari, kisha akageukia ubao na nyundo yake.

"Ng'oa, Bosi," Shangazi akasema, bila kelele. "Mlango wa kabati ni wangu, ila misumari ilinunuliwa na marehemu baba yako. Lakini kwa vile mgeni yuko hapa na gari liko hapa, nipe dakika tano nizipitie nati. Jumatatu sitakuwepo."

Daktari akatazama saa, akasema dakika tano anazo.

Shangazi akaanza upande wa kulia. Tak, tak, tak, tak, tak. Akazunguka kushoto. Tak. Tak. Tak. Tak. Akaweka spana kwenye ya tano, akasukuma, na spana ikashuka. Haikusema kitu. Akaivuta upya, ikashuka tena, kimya, laini, kama inakoroga uji. Robo mzunguko. Nusu. Robo tatu. Ilikaribia mzunguko mzima ndipo ikasema tak. Mbio alinyoosha mkono akazima kompresa, ile mashine ya kujaza upepo, na ndipo tulipojua kwamba siku zote ilikuwa inanguruma.

"Ina maana gani?" daktari akauliza.

"Bolti haikuwa imeketi mgongoni mwa habu," Shangazi akasema. "Ni kama jino la bandia ambalo halijafika kwenye fizi. Leo linatafuna. Kesho unalikuta ndani ya mkate."

"Kesho," binti akarudia, akafunga kijitabu chake.

Daktari alikuwa anakitazama kifuniko mkononi mwake.

Bosi akauliza nani aliifunga hiyo. Aliuliza akimtazama Shangazi, na nikaona Shangazi ameinamia spana yake, anaifuta kwa kitambaa, taratibu. Angeweza kunitaja. Angeweza pia kulibeba mwenyewe, nami namjua, alikuwa karibu kulibeba.

"Ni mimi," nikasema. "Niliivuta kwa bunduki. Sikupitisha karatasi. Nikahesabu tisa, nikasema kumi."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha wa kuongezea.

Bosi akamgeukia Shangazi. "Ulijua?"

"Ningejua, gari lisingetoka," Shangazi akasema. "Sikujua. Ndiyo kazi ya msumari, Bosi. Mtu anapiga msumari kwa ajili ya kile asichokijua. Nina macho mawili tu, na siku ile uliyaita juu ofisini."

Hakuna aliyecheka, ingawa Mbio alilazimika kujifunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu, na viatu vyake havina kamba.

Shangazi hakuikubali ile bolti hata baada ya kukaza. Alisema bolti iliyozoea kudanganya haifai kazi ya mashindano, na aliposema hivyo hakunitazama, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Tukanyanyua gari. Nikafungua gurudumu, spesa, kalipa, diski, nikagonga bolti nje, nikachukua ile ya kumi na moja, ile ya maneno. Niliivuta kwa mkono, washa zimelowa grisi, robo kwa robo, watu wamenizunguka kama natoa jino hadharani. Ilipogoma, Shangazi akachana ukanda wa kalenda. Akampa daktari.

Daktari akakunja mikono ya lile shati jeupe, akapiga goti kwenye sakafu yetu ambayo hata panya huipita kwa ncha za vidole, na kuipenyeza karatasi nyuma ya habu. Ana mikono iliyozoea kutafuta tundu mahali pasipoonekana. Alijaribu juu, chini, pembeni. Karatasi ikajikunja.

"Imekataa," akasema.

Gurudumu liliporudi, binti akaomba azianze nati yeye. Alihesabu kwa sauti, zote tano, na kila moja iliishia kumi. Shangazi akamwambia akichoka kusoma kona aje, pale kuna nafasi ya mtu anayejua kufika kumi. Nililipokea hilo kama lilivyokuja. Nilikuwa nimelipalilia mwenyewe. Adhabu yangu rasmi ilikuja Jumatatu, na ilikuwa miezi mitatu ya kuhesabu nati kwa sauti mbele ya wateja, kama mtoto wa chekechea, na kitambulisho changu cha chuo kikahamishwa kutoka msumari wa thelathini hadi wa kwanza, ule ulio sawa na macho yangu ninapoinama kuchukua spana.

Lakini siku ile bado kulikuwa na jambo moja. Bolti ilikuwa mpya, na bolti mpya ni kilomita hamsini. Shangazi alikuwa amefungua mdomo kulisema, daktari akamtangulia. Akauliza tunafunga saa ngapi. Shangazi akamwambia saa kumi, na kwamba kwenda uwanja wa zamani na kurudi ni kilomita hamsini na nne, aliwahi kuipima.

Daktari akapiga simu kwa wagonjwa wake wa asubuhi, akawaambia meno hayajawahi kukimbia. Kisha akatembea mpaka kwenye ubao, akatafuta ule msumari, akakitundika kifuniko chake mwenyewe. Kikayumba. Msumari ulikuwa umelegea pale Bosi alipokinyofoa asubuhi kwa haraka ya kuomba radhi.

Bosi bado alikuwa amesimama pembeni na nyundo mpya mkononi, stika na yote, kama mtu aliyefika harusini akakuta ni nyumba ya pili. Shangazi akautazama msumari, akamtazama yeye.

"Kwa vile nyundo umeshika," akasema.

Bosi akasogea. Akapiga mara mbili, kwa uangalifu, asiguse kifuniko. Shangazi akauwekea msumari kidole na kuutikisa.

"Bado unacheza," akasema, na Bosi akaongeza moja.